Agano Nililofunga na Mungu juu ya Pikipiki ya Eliya

Sifa na utukufu ni za Bwana Yesu, ndugu zangu wa Ruiru, na salamu za ushirika wa Gatuanyaga ziwafikie. Mimi ni Rahabu Wambui, mke wa Eliya, wengine wananiita Mama Njeri. Ushuhuda huu nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule sikusoma, darasa la pili lilinishinda, kwa hivyo mkiona neno limekanyaga lingine mnivumilie. Nimeandika kwa sababu kila nikisimama mbele ya watu, nikifika pale pa machozi akina dada wanaanza wimbo, nami nakaa chini kabla sijafika mahali Bwana aliponifungua. Leo nitafika.

Ndugu zangu, kabla serikali haijatangaza Hali ya Hatari mume wangu alikuwa mtu wa kuchanja ng'ombe. Alikuwa na pikipiki aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyerudi kwao. Ilikuwa nyeusi, na kwenye tangi lake kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea. Eliya aliipenda, na mimi ndiye niliyeipangusa vumbi kila jioni. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akifika nyumbani angesema, "Mama Njeri, pangusa huyo ng'ombe wangu, huyu hata umpige sindano hapigi teke." Nilikuwa nacheka kila siku na maneno ni yale yale.

Sasa nitataja mtu, kwa sababu tumefundishwa kutembea nuruni, na katika nuru watu wana majina. Karanja wa Thuo, yule anayeuza makaa hapa karibu na stesheni ya Ruiru, alikuwa jirani yetu kule Gatuanyaga. Alikula kwangu. Alitaka sana ile pikipiki, akaiomba aiendeshe, Eliya akamkatalia kwa sababu hakujua kuiendesha. Basi vita vilipokuja Karanja akawa homgadi, askari wa serikali wa kijijini, na siku waliyokuja na gari la serikali alisimama kando ya afisa, akanyoosha kidole, akasema, "Huyu ndiye anapelekea watu wa msituni chakula na hiyo pikipiki." Nilikuwa nimebeba mtungi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Eliya alichukuliwa akiwa na shati la kazi kupelekwa kambi ya kizuizini, hakuruhusiwa hata kunawa mikono.

Pikipiki Karanja aliichukua siku hiyo hiyo. Akaipaka rangi ya buluu, ile iliyobaki ya milango ya posti yao, kile kituo cha homgadi. Akaiendesha bila kuitia oili mpaka ikakaza, akaitupa kwenye banda la kuku la posti. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijijini, tunachimba handaki la kuzunguka kijiji kwa kazi ya lazima, na njia ya kwenda kumwaga udongo ilipita kando ya banda. Kila nikipita na karai naona kuku wamelala juu ya kiti cha mume wangu, na kinyesi chao kimeganda mpaka kwenye magurudumu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea njia, na sikujua nimekosea, kwa maana nilikuwa naomba. Nilisema, "Bwana, nitaitoa hii pikipiki hapa. Nitairudisha vile ilivyokuwa, kila kitu chake, hata ule mstari mwekundu. Na wewe unirudishie Eliya vile alivyokuwa." Nikasema amina, nikamwaga udongo. Tangu siku hiyo nilihesabu kwamba mimi na Mungu tuna agano.

Posti ilipovunjwa, nilimwendea mkubwa wao mpya, kijana wa kutoka mbali asiyetujua. Aliniuliza, "Mama, unataka kuku ama unataka chuma?" Nikamwambia nataka chuma. Akacheka akasema, "Beba, inanuka." Basi tukaibeba. Akina mama wa ushirika waliifungua kwa vile walivyoweza, tukagawana kama vile tunagawana kuni, kila mmoja na mzigo wake mgongoni na mkanda kwenye paji la uso. Injini niliibeba mimi. Tulitembea kutoka Gatuanyaga mpaka Thika, na vumbi lile mnalijua, na watu njiani wanauliza, "Hawa wamama wanapeleka nini sokoni?" Mama Gathoni, ambaye alikuwa amebeba gurudumu, akawajibu, "Tunapeleka mgonjwa hospitali, amekatika katika."

Thika kulikuwa na ndugu mmoja katika Bwana, fundi Wafula, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, alikuwa akitengeneza mashini za kiwanda cha makonge na kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Aliangalia vile vyuma tulivyovimwaga mbele ya mlango wake. Akazunguka. Akaokota manyoya ya kuku kutoka kwenye injini.

"Mama Njeri," akasema, "hii imebakisha kutaga tu."

"Itatengenezeka?"

"Bwana alimfufua Lazaro, na huyo alikuwa ananuka pia. Lete mafuta ya taa."

Pistoni ilikuwa imeshikana kabisa. Alimimina mafuta ya taa, mimi nikaleta mafuta ya mbarika niliyoyakamua nyumbani, akachanganya, akaacha vyuma vilowane. Kila nilipopata ruhusa ya kwenda Thika nilikwenda. Nilisugua kutu kwa majivu na nyuzi za makonge mpaka vidole vikachubuka. Kila spoku ya magurudumu niliisugua peke yake. Wafula alipiga pistoni polepole na kipande cha mti, siku nyingine haitingishiki, siku nyingine anasema imepumua kidogo, mpaka siku moja ikatoka, naye akaibeba mikononi kama mkunga akanionyesha.

Kusema haki, Wafula alitaka kumaliza mapema. Mimi ndiye niliyekataa. Rangi ya buluu ya Karanja niliikwangua kwa kisu kisicho na makali, ili nisiumize rangi nyeusi ya chini, na chini yake nikakuta vipande vya mstari mwekundu. Hapo ulipokuwa umekatika nikataka uunganishwe.

"Mama, itatembea tu bila mstari," Wafula akaniambia.

"Lazima uwepo."

"Nani ataangalia?"

"Mungu."

Wafula akainama akagusa nati moja ya gurudumu la mbele. "Basi Mungu anajua kwamba hii nati si ya pikipiki? Hii ni ya mashini ya makonge."

Nikamwambia aitoe. Alitafuta nati yake ya asili sijui wapi, akaipata. Akasema, "Huyu Mungu wako ni mkali kuliko inspekta," na mimi sikucheka. Nilikuwa nimeacha kucheka wakati huo. Hata mto mmoja wa mpira wa kuegemea goti, ule wa upande wa kushoto, niliutafuta mpaka nikaukuta kwa mwanamke aliyekuwa ameufanya kizuio cha mlango. Nilimpa kibuyu kizuri akaniachia. Ndugu zangu, ile pikipiki ilirudi. Ilisimama mlangoni kwa Wafula, nyeusi, mstari wake mwekundu umeenda kutoka mbele mpaka nyuma bila kukatika, na siku alipoipiga teke ikanguruma kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia tangu ng'ambo ya shamba na kuinjika chai. Nikampigia Bwana magoti pale pale kwenye oili. Nikamwambia, "Yangu nimemaliza."

Na Eliya akarudi. Mnaona vile nilidanganyika? Haikupita muda mrefu, lori likamshusha barabarani, akaja kwa miguu. Nilimwona kwa mbali nikafikiri ni mzee wa kuomba maji. Nywele zimekuwa nyeupe. Sikio la kushoto halisikii, wamelipiga kule kambini. Akanisalimu kama unavyomsalimu mama wa mtu mwingine. Akaketi. Binti yetu Njeri akamletea uji, akashika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu mmoja unatetemeka.

Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, ambapo Wafula alikuwa ameniletea pikipiki, nikavuta blanketi.

Akaangalia. Akauliza, "Ya nani?"

"Yako, Baba Njeri."

Akarudi kuketi.

Nikajiambia, ataijua kwa sauti. Nikamwita Wafula. Majirani wakaja, akina mama waliobeba vile vyuma wakaja na vitambaa vyeupe kichwani kama siku ya ubatizo. Wafula akaipiga teke. Ikanguruma. Na mume wangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, akaanguka chini nyuma ya ghala la mahindi, akafunika kichwa kwa mikono, magoti yakagusa kidevu. Kule kambini kulikuwa na mtu aliyekuja kwa pikipiki kabla ya kazi yao mbaya kuanza. Yaliyofuata hapo Eliya hajaniambia, nami sitayaandika. Wafula aliizima haraka. Hakuna aliyeimba siku hiyo. Watu walikwenda nyumbani mmoja mmoja.

Ndugu zangu, nitasema ukweli wa moyo wangu. Nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia, "Mimi nilirudisha mpaka nati. Wewe umenirudishia nini?" Nikaacha kwenda ushirika. Nilimpikia Eliya, nikamfulia, lakini usoni simwangalii. Nilikuwa nangoja yule mwingine. Anaketi pale jikoni, mtu wangu wa ndoa, nami nangoja mume wangu afike. Na jina la Karanja wa Thuo nililitaja kwa maombi kila asubuhi, nikimwomba Bwana amwangushe, na kuomba huko ndiko tu kulikoniamsha kitandani.

Sasa nimefika pale ambapo huwa mnaniimbia. Tulieni.

Ilikuwa mchana, nimetoka mtoni. Nikasikia mtu nyuma ya nyumba. Eliya alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, blanketi ameliweka kando, anafuata ule mstari mwekundu na kidole gumba, kile kinachotetemeka. Kidole kinatoka kwenye mstari, anakirudisha. Nikatua maji.

Akaniuliza bila kugeuka, "Wambui, huu mstari uliurudisha wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, la banda la kuku, la karai, la agano. Nikamwambia, "Ili urudi vile ulivyokuwa."

Akasema polepole, kwa maana maneno sasa anayatoa moja moja, "Chuma unaweza kusugua, mama. Mimi ukinisugua nitakwisha."

Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Nikaushika. Ndipo nikamwangalia uso. Ndugu zangu, tangu ashuke kwenye lori sikuwa nimemwangalia, na nilipomwangalia alikuwa ni yeye. Si yule wa zamani, yule amekwisha, nilimlilia hapo hapo nikiwa nimeshika mkono wa huyu, na huyu aliningoja nimalize. Nikasema kwa sauti, mbele yake, "Bwana, lile agano nimelivunja. Ni mimi niliyelifunga peke yangu, wewe hukutia mkono. Nisamehe. Nashukuru kwa huyu uliyenipa." Mzigo ukatoka. Mimi nimebeba injini kutoka Gatuanyaga mpaka Thika, ninajua mzigo ukitua mgongo unavyosikia. Ndivyo ilivyokuwa.

Bwana aliniokoa nilipokuwa msichana, na hiyo niliwahi kuwashuhudia. Lakini siku hiyo alinifungua nisiwe mke wa mtu ambaye hayupo.

Pikipiki tulimpa Wafula. Hakutaka kuichukua, Eliya akamwambia, "Ichukue, hapa inanidai." Akija kututembelea huizima kule barabarani, huisukuma kwa mkono jua likiwaka mpaka mlangoni, anafika jasho limemlowesha shati lote, na Eliya anamletea maji yeye mwenyewe. Juzi Eliya alimwambia, "Fundi, siku hizi wewe ndiye unaibeba pikipiki, yenyewe haikubebi." Wafula alicheka mpaka akaketi chini. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango wa jikoni nikalia, kwa maana ule ulikuwa utani, na ulikuwa mpya.

Juu ya Karanja wa Thuo, sitawadanganya watu wa Mungu. Kikombe cha chai sijampa, na mkono sijamshika. Alisema uongo, na kwa uongo huo mtu mzima anaogopa sauti. Hilo atalijibu mbele za Bwana, na ingefaa alijibu kwanza mbele yetu. Lakini kifo chake sikiombi tena. Asubuhi naamka na nasema jina la mume wangu. Karanja, kama umeketi hapa wakati hii inasomwa, ujue nimekutaja nuruni ili usiogope kukutana nami gizani. Njia ya kuja nyumbani unaijua.

Na wewe dada ambaye mtu wako amerudi kutoka kizuizini na humjui, na wewe unayengoja, na wewe ambaye wako hakurudi kabisa, msimfungie Mungu mikataba. Mwaminini hivi hivi, na mikono mitupu. Anachowapa, kiangalieni uso.

Eliya yuko pamoja nasi leo. Ameketi nyuma karibu na mlango, kwa sababu ndani ya watu wengi anakosa pumzi. Mkitoka mumsalimu upande wa kulia, ndiko anakosikia, na msimuulize habari za kambi. Ana mbuzi wawili aliowanunua mwezi huu, mmoja ni mkaidi sana. Muulizeni huyo. Atachukua muda kujibu, lakini mngojeni, atajibu.