Miche Sita ya Mkorosho

Mwalimu aliyeketi kiti cha nyuma cha basi aliacha kusahihisha madaftari, akatega sikio. Mbele yake mwanamume alikuwa amepakata miche sita ya mkorosho.

"Mchicha unadai maji kila siku, shemeji. Mkorosho ukishashika mizizi, haukusumbui."

"Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu," alijibu mjane wa kaka yake, aliyeketi kando yake. "Mkorosho je?"

"Miaka mitatu hivi."

"Nimekuazima bustani ya marehemu kwa msimu mmoja tu. Ukishapanda miti, utahama kweli?"

Mwanamume akageukia dirishani. Mwalimu, ambaye hakuulizwa, aliona jibu hilo limetosha.

Basi liliposimama, mjane alisema kwa upole, "Lete nikusaidie kubeba." Akaichukua miche yote sita, akatangulia kushuka.