Risala ya Kuomba Mwili wa Mchimba Makaa Usifungiwe Mtandaoni

Mgeni rasmi, Daktari Lenora Haldane, Mkuu wa Chuo cha Udaktari, mchungaji wetu, na majirani wote wa Bonde la Tackett:

KARIBU
Tunashukuru umefika, na barabara yenyewe barafu tupu. Maharage na mkate wa mahindi viko jikoni, huondoki na njaa.

TULIKOTOKA
Sisi ni wake wa wachimba makaa, na wengine ni wajane. Waume zetu waliporudi na vumbi kifuani tuliwauguza kwa kukisia. Ndipo chuo chako kikaweka mwili wa binadamu mtandaoni, kwa picha, bure. Ukiubonyeza unafunuka: ngozi, misuli, mbavu, mpaka mapafu. Tukawa tunakutana maktabani kila Alhamisi, kompyuta moja, miwani ya kuazimana.

TULICHOJIFUNZA
Tulianza kwa kukosea. Mzee Harlan Stiltner alipigwa picha ya kifua, doa likaonekana upande wa mkono wetu wa kushoto. Tukajua pafu bovu ni la kushoto. Tukawa tunamlaza kwa ubavu wa kulia ili lile bovu liwe juu, tunampigapiga mgongo makohozi yatoke, hayatoki.

"Nyie mabibi, mnanigeuza kama mkate kikaangoni, na bado sijaiva," akasema.

"Nyamaza, Harlan, tunasoma," mkewe Verna akamjibu.

Ukurasa wenu ndio uliotufumbua macho: kulia ni kwa mwenye mwili, si kwako unayemtazama. Verna akamwekea mumewe kiganja kifuani. "Kumbe muda wote nakulalisha juu ya ubovu."

"Nilidhani ndiyo dawa, maana ilikuwa inauma."

Tulipomgeuza makohozi yalitoka, meusi. Jioni alimaliza bakuli lake la supu.

YALIYO MOYONI
Kati ya miili ya ukurasa ule mmoja umeandikwa tu: mwanamume, mchimba makaa. Jina hakuna, ndiyo sheria yenu. Waume wa wenzetu Opal, Delphia na Ruth, kabla ya kufa, waliwapa ninyi miili yao, na kila mjane anaamini yule ni wake.

"Yale mabega ni ya Amos wangu," Delphia husema.

"Amos yupi, dada? Amos alikuwa fito," Opal humwambia.

Tunacheka. Tumekubaliana tusikuulize ni wa nani.

OMBI
Tumeambiwa kuanzia Januari ukurasa utafunguka kwa wanafunzi wenu peke yao, kwa sababu wapo wanaozifanyia mzaha picha zile. Heshima hiyo kwa marehemu tunaipokea. Lakini waume zetu walisema watu wajifunze, hawakuchagua watu. Kama ni kuandikishwa, tuandikishe. Kama ni mtihani, tupe, tukianguka tutarudia. Harlan bado anahitaji kugeuzwa, na mwanawe yumo mgodini hivi sasa.

Tena, mama, wajane hawa watatu hawana kaburi hapa bondeni. Siku ya kupamba makaburi, sisi tukipanda kilimani na maua, wao huenda maktabani, wakakaa mbele ya ule ukurasa na nguo zao za kanisani. Tunaomba mwakani wakute pamefunguliwa.

Mungu akufikishe kwako salama, na aitie upole mikono ya wanafunzi wako.

Ni sisi,
Wanawake wa Alhamisi, Bonde la Tackett.
Msomaji: Opal Ratliff