Mzee Bado na Gobori la Mdogo Wake

Ijumaa hii, tarehe 29, fundi wa vitako vya bunduki wa klabu yetu ya shabaha anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Msomaji ana haki ya kucheka, maana habari hii tumeshaichapa mara mbili. Mara ya kwanza aliomba asogezewe tarehe ili amalizie kitako kimoja. Mara ya pili aliomba tena, kwa sababu ya kitako kilekile. Safari hii mwenyekiti ameapa kwamba tarehe haisogei. Mimi ninayeandika ni fundi wa mitutu, tumetumia karakana moja miaka mingi, na nyingi ya aya hizi nimeziandika huku nikisikia tupa yake ikikwaruza nyuma ya mgongo wangu.

Tunamwita Mzee Bado, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ukimuuliza kama gobori lako liko tayari, atalinyanyua, atalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, atapitisha kidole gumba ubavuni mwa kitako, kisha atakuambia bado kidogo. Kukaa hajui. Kiti chake kina vumbi la mbao ambalo hakuna aliyewahi kulikalia. Akiletewa chai huiweka popote mkono ulipo na kuisahau, kwa hiyo karakana yetu ina vikombe vya chai baridi kwenye rafu, kwenye dirisha, hata ndani ya kabati la gundi. Mkewe ametuambia kwamba nyumbani mambo ni hayohayo, na kwamba huku kustaafu kunamtisha yeye kuliko kunavyomtisha mumewe.

Alikuja kwetu akiwa seremala wa milango. Kwa faida ya wanachama wapya, gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu, na ukishapiga moja unaanza upya. Mtu anayepata risasi moja hawezi kugombana na kitako. Kikiwa kirefu kinanasa kwapani, kikiwa kifupi kidole gumba chako mwenyewe kinakupiga pua. Mzee Bado aliyaelewa haya haraka, kwa sababu alishazoea vipimo vya watu na milango yao.

Hakukosa kuteleza. Mwaka wake wa mwanzo aliwapima wapigaji wote wa timu wakiwa na mashati mepesi, joto likiwa kali. Mashindano yakaangukia asubuhi ya baridi, timu nzima ikavaa makoti mazito, na vitako vyote vikawa virefu kwa unene wa koti. Tulishika mkia. Tangu siku hiyo kuna koti kuukuu kwenye msumari karibu na mlango, na hakuna anayepimwa bila kulivaa, hata kama jasho linamtiririka. Wapo wanaosema koti hilo lifuliwe. Yeye anasema bado.

Kisa cha meza ya karani wetu kila mtu anakijua, lakini nitakirudia kwa kuwa ninakipenda. Meza ilikuwa inayumba, akapita akiwa na randa mkononi, akapunguza mguu mmoja. Ikayumba upande wa pili, akapunguza mwingine. Karani aliporudi kutoka benki alikuta meza imetulia tuli, ila magoti yake hayaingii chini. Mpaka leo anaandikia kwa kukaa upande upande.

Sheria yake kubwa ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: FUMBA, PANDISHA, FUMBUA. Mwenye gobori anafumba macho, analipandisha begani na kulaza shavu bila kuona chochote, halafu anafumbua. Jicho likikutana moja kwa moja na alama ya kulengea iliyo mwishoni mwa mtutu, kitako ni chake. Likikutana na mbao, kazi inaendelea. Anasema mtu mwenye macho wazi hukunja shingo kumfurahisha fundi, ila aliyefumba hana wa kumfurahisha. Mwenyekiti amefumbishwa macho, na mkaguzi wa bima aliyekuja kuangalia vizima moto amefumbishwa pia.

Sasa nifike kwenye kitako kilichotuchapisha habari mara mbili. Mdogo wake wa kike ndiye mpigaji bora tuliyewahi kuwa naye. Kaka mtu ndiye aliyemfundisha, na gobori lake ndilo kazi nzuri kuliko zote zilizotoka kwenye mikono ile. Mwaka jana jicho lake la kulia lilizima kwa presha ya macho. Ama aache mchezo, ama ahamie bega la kushoto. Alichagua kuhama, na mzee akasema hatoki kazini kabla dada huyu hajarudi uwanjani.

Ikabidi aivunje kazi yake mwenyewe. Alikwangua vanishi ya zamani, akaondoa kilalio cha shavu cha upande mmoja, akagundisha kipande cha mbao upande wa pili akifuatisha mistari mpaka kiungo kikapotea. Akachonga, akalowanisha kwa kitambaa ili nyuzi za mbao zisimame, akapiga msasa, akalowanisha tena, akapaka mafuta ya kitani kwa kiganja. Mimi nikatengeneza kikingio kidogo cha chuma ili cheche za fataki, ile inayowasha baruti ubavuni mwa mtutu, zisimrukie usoni, kwa sababu sasa uso ulikuwa upande wa mlipuko. Dada akaja, akapandisha begani, akasema, “Iko sawa kabisa, kaka.” Akaenda uwanjani, risasi ikaingia kwenye kifusi cha udongo nyuma ya shabaha.

Miezi iliyofuata hatukuwa na amani. Mzee alilaumu mbao, akalaumu baruti, mwisho akalaumu mtutu wangu, na siku hiyo tulirushiana maneno mpaka karani akafunga dirisha. Kila akipunguza kidogo, dada anasema iko sawa. Kila akienda uwanjani, kifusi. Mzee alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, nami nilianza kuogopa kwamba ataondoka na jambo hili kifuani.

Wiki mbili zilizopita alikuwa anampima mwanachama mpya, koti mwilini, macho yamefumbwa. Mdogo wake alikuwa amekaa akisubiri. Akauliza kwa utani, “Kaka, mbona mimi hujawahi kunifumbisha macho?”

Kweli, hakuwahi. Alikuwa anamjua. Alimpima tangu akiwa msichana, vipimo vyake alivitoa kichwani, na hakuona sababu ya kumtendea kama mgeni. Dada akavaa koti, akafumba, akapandisha, akafumbua. Jicho lake zima lilikuwa linatazama mbao tupu. Hapo ndipo alipokiri kwamba siku zote alikuwa akiipinda shingo mpaka inauma, apate kusema iko sawa, kaka yake apate kwenda nyumbani kupumzika. Mzee aliyatazama maandishi yake mekundu ukutani, na nakiri kwamba nilimwonea huruma, pamoja na yale aliyosema juu ya mtutu wangu.

Akachukua tupa, akaipitisha juu ya mng'aro aliouhangaikia mwaka mzima. Hakumtoa dada kwenye karakana. Ni kufumba, kupandisha, kufumbua, kuchonga, tena na tena. Safari hii dada hakusema iko sawa hata mara moja. Alisema “Bado,” na kila aliposema tulicheka, isipokuwa mmoja.

Jana asubuhi mafuta yalikuwa yamekauka. Dada alifumba macho, akapandisha, akafumbua. Akatoka kwenda uwanjani bila kutuambia kitu. Tulisikia mlio mmoja. Alirudi na karatasi ya shabaha, akaiweka juu ya meza, na tundu lilikuwa katikati ya duara jeusi. Mzee alilinyanyua gobori, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba ubavuni. Sote tulisubiri lile neno. Hakulisema. Alimrudishia mdogo wake gobori, akafuta vumbi la kile kiti kwa kiganja, akakaa, akanywa chai yake yote ingali moto.

Mzee wetu, asante kwa mabega yote uliyoyahangaikia, pamoja na yale yaliyokukasirisha. Koti lako tutalilinda, na kufuliwa halitafuliwa. Zawadi yako Ijumaa ni kiti cha mbao cha kukaa barazani. Mguu wake mmoja ni mfupi kidogo, na karani ameomba usiuguse. Keti. Tunakutakia siku njema nyingi, na kila siku kikombe cha moto unachokimaliza.