Aliyeingia kwa Jina la Restituta

Risala ya wafanyakazi wa Hospitali ya Mwangaza wa Magharibi, Mpanda, kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini, siku ya kufungua chumba kipya cha seva

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Mganga Mfawidhi; Katibu wa Hospitali; viongozi wa dini; na nyie ndugu zetu wa Kashaulili na Nsemulwa mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza:

KARIBU MPANDA

Karibu sana. Tunajua umekuwa njiani tangu juzi, na vumbi la huku halichagui mwenye cheo. Tuliagizwa risala hii iwe ya ukurasa mmoja, iwe ya shukrani, na ipitie kwanza ofisini. Risala hiyo ipo na imegongwa muhuri. Hii siyo hiyo. Hii tumeiandika wenyewe, watu thelathini na wanane, na tunaomba uivumilie, maana ni ndefu na haina sukari.

TULIKOTOKA

Hospitali hii ilianza na vyumba vinne na kabati moja la faili, na mchwa walizisoma faili zile kuliko sisi. Mgonjwa akihamishwa kutoka kituo chetu cha Kapalamsenga, kule ziwani, faili lake lilikuja kwa basi, na mara nyingi yeye alitangulia kuzikwa kabla halijafika. Miaka minne iliyopita tukapata kompyuta. Seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu zote, ikakaa hapa Mpanda, na vituo vyetu vitatu vikaunganishwa nayo kwa mtandao.

Aliyezihamisha faili zile kutoka kwenye karatasi ni mtunza kumbukumbu wetu, Restituta. Wengi wenu mnamfahamu. Ni binti wa mkulima wa tumbaku, mzaliwa wa Nsemulwa, mwanamke mpole wa sauti lakini mgumu wa shingo linapokuja jambo la kazi. Faili elfu tisa na ushee. Penye mwandiko asioweza kuusoma hakubahatisha. Alipiga simu kituoni, na kituoni wasipojua alimtafuta mgonjwa mwenyewe au ndugu zake. Ndivyo alivyogundua kwamba Minza, ambaye sasa ni mke wa mfugaji mmoja wa karibu na Kapalamsenga, aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini akavimba koo nusura afe. Karatasini onyo lile lilikuwa limefifia. Restituta akaliandika upya juu kabisa ya faili, kwa herufi kubwa nyekundu: ASIPEWE PENISILINI.

MAFANIKIO

Yapo, na hatuyakani. Majibu ya maabara yanafika ziwani kwa dakika chache. Watoto waliokosa chanjo tunawajua kwa majina. Tungependa kuendelea na ukurasa huu, lakini mengine yote yaliyoandikwa kwenye ile risala yenye muhuri utayasoma mwenyewe ukirudi nyumbani.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, changamoto tuliyo nayo ni moja, na ina jina la mtu.

Mkandarasi aliyetufungia mitambo hii ofisi yake iko mbali, siku mbili kwa basi. Anaihudumia seva kwa programu ya kuingia kwa mbali: fundi akikaa huko kwake, akiwa na jina la mtumiaji na nenosiri, anaifungua kompyuta yetu kama vile ameivutia kiti. Hatulaumu hilo. Bila hilo tungekuwa tunamsubiri fundi kama tunavyosubiri masika. Lakini mlango wa namna hiyo unataka ujulikane nani ana ufunguo, aliingia lini, kufanya nini. Mlango wetu haukuwa na utaratibu wowote.

Mwezi Februari jina alilokuwa akitumia fundi wa mkandarasi, Bwana Deogratias, liliisha muda wake. Kulihuisha kulihitaji barua na sahihi. Badala ya barua alimpigia simu Restituta akaomba jina na nenosiri lake. Restituta akakataa. Siku ya pili aliitwa na Katibu wa Hospitali, Bwana Zefania, ambaye yuko hapa mbele na anaweza kutusahihisha tukikosea.

"Mpe pasiwedi yako," Katibu alimwambia. "Kazi inachelewa."

"Mzee, ile ni sahihi yangu. Akiharibu, itaonekana nimeharibu mimi."

"Nani atakuonea? Mimi si nipo?"

Restituta alilitoa. Lakini jioni ile ile aliandika barua ya nusu ukurasa kwamba ameagizwa kutoa nenosiri, kwamba si salama, na kwamba anaomba fundi apewe jina lake mwenyewe. Nakala yake ina muhuri wa kupokelewa, tarehe kumi na tisa Februari. Jibu halikuja.

Tarehe kumi na mbili Machi, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mtu aliingia kwenye seva kwa jina la Restituta. Alikuwa anazihamisha faili kuziandaa kwa ajili ya chumba hiki kipya ulichokuja kukifungua leo. Hakutoa taarifa kwa mtu. Hakuweka nakala pembeni. Faili za kituo cha Kapalamsenga, zote, zikatoweka kwenye skrini.

Saa tano na robo ya asubuhi ile, Minza aliletwa kituoni Kapalamsenga juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mama mkwe wake. Alikuwa na mimba ya miezi saba na homa kali iliyomfanya aweweseke. Mume wake, Lyamba, alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Tabibu wa zamu alikuwa Danford. Alilitafuta jina la Minza mara tatu, kompyuta ikamjibu hakuna mgonjwa huyo. Alimuuliza mama mkwe kama kuna dawa inayomdhuru. Bibi wa watu alisema hajui, yeye ameletewa mkwe juzi juzi. Danford akaamua kwa alichokiona mbele yake, akachoma penisilini.

Minza aliokoka. Koo lilivimba tena, na Danford aliipigania pumzi yake karibu saa nzima, na hatutakubali mtu amnyooshee kidole. Mtoto hakuokoka. Alikuwa wa kike.

Sasa sikia kilichofuata, Mheshimiwa. Kamati iliundwa siku ya tatu. Iliangalia seva, ikakuta jina la Restituta, ikamwita.

Alikuja na karatasi ya ruhusa. Jumatano ile, saa nne, alikuwa Nsemulwa kwenye mazishi ya mama yake mdogo, ameshika mchanga mkononi, na ruhusa ile ilisainiwa na Katibu mwenyewe. Kamati ikamwambia siku hizi mtu anaweza kuingia hata kwa simu akiwa makaburini. Felisiani, fundi wetu wa kompyuta hapa Mpanda, akaleta kurasa sita za kumbukumbu za kuingia. Zinaonyesha kwamba aliyeingia alitoka nje ya mtandao wetu, kwa programu ya kuingia kwa mbali, na kompyuta aliyotumia imejitambulisha kwa jina la ofisi ya mkandarasi. Felisiani aliipigia mstari kila sehemu.

"Karatasi hizi hatuzielewi," alisema mwenyekiti wa kamati.

"Nitawaeleza," Felisiani akasema.

"Hatuna muda huo. Jina ni la nani?"

"La Restituta, lakini—"

"Basi."

Barua ya kumsimamisha kazi ilitoka siku mbili baadaye, kwa kosa la uzembe uliosababisha madhara kwa mgonjwa. Mheshimiwa, barua ile ina sahihi yako.

Mkandarasi hakuhojiwa. Mwezi wa Mei aliongezewa mkataba, na chumba hiki kimejengwa kwa michoro yake.

Neno lilisafiri kuliko basi. Kule ziwani ikasemwa kuna mwanamke wa Mpanda aliyefuta faili la Minza makusudi. Sokoni Kashaulili watu waliacha kumsalimia Restituta. Kanisani mwenzake wa kwaya alihama benchi. Alikaa ndani wiki tatu, hali vizuri, halali. Akawa anajiuliza, mwenyewe ametuambia, kama kweli si muuaji, kwa kuwa nenosiri lile lilitoka kinywani mwake.

Wiki ya nne alipanda basi kwenda Kapalamsenga. Hakuna aliyemtuma. Alimwomba Danford amfikishe nyumbani kwa Lyamba, na Danford alimkatalia mara mbili kwa hofu kabla ya kukubali. Waliyosemezana huko tunayaandika kama Danford alivyoyasikia.

Lyamba alikuwa anafunga ndama. Hakuwakaribisha viti.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, baba."

"Ulifuta wewe?"

"Sikufuta. Lakini aliyefuta alitumia neno langu la siri, na neno hilo nilimpa mimi. Niliamriwa, nikaogopa, nikampa. Hilo ndilo kosa langu. Nimekuja mlisikie kwangu."

Lyamba alikaza fundo la kamba ya ndama. Mama yake, yule bibi aliyemleta Minza kwa pikipiki, alitoa kigoda akakiweka chini mbele ya Restituta. Minza akatoka ndani. Alikuwa amekonda.

"Ni wewe ulinipigia simu mwaka ule?" aliuliza. "Uliuliza habari za sindano?"

"Ni mimi."

"Nilijua mmeandika. Ndiyo maana sikumwambia mama. Nilijua kule kwenu imeandikwa."

Restituta alilia hapo, na Minza alilia. Ndipo Lyamba akauliza swali ambalo Danford alirudi nalo Mpanda, na ambalo ndilo lililotufanya tuandike risala hii badala ya ile nyingine.

"Huyu mama amekuja kwa basi, hana hata kazi," alisema. "Wale waliomwamuru wako wapi?"

Hakuna kiongozi wa hospitali hii aliyekanyaga Kapalamsenga tangu siku ile, Mheshimiwa. Gari lipo na mafuta yapo.

Wiki mbili zilizopita, ziara yako ilipokaribia, Katibu alimwita Restituta kimya kimya. Alimwambia anaweza kurudi kazini, asaini tu karatasi ya kukiri uzembe, mambo yaishe kabla mgeni hajafika. Akamsukumia karatasi pamoja na kalamu. Restituta aliisoma ile karatasi mpaka mwisho.

"Nikisaini hii," alisema, "Minza ataambiwa nini?"

"Minza ameshasahau."

Aliifunika kalamu, akaaga, akatoka. Alikuwa na miezi mitatu bila kazi, na bado alitoka. Sisi tuliokuwa kazini tukiinamisha vichwa tuliona aibu, na aibu hiyo tumekuja nayo mbele yako.

MAOMBI

Utaratibu unataka tuombe gari, nyumba za watumishi na jokofu. Leo hatuombi hata kimoja.

Tunaomba barua yenye sahihi yako ifutwe kwa barua nyingine yenye sahihi yako, isomwe hapa na isomwe Kapalamsenga. Tunaomba mkandarasi aitwe ajibu. Tunaomba uende wewe mwenyewe kwa Lyamba, usitume mwakilishi. Swali lake liko palepale.

Na liko jambo moja ambalo hatuliombi, kwa kuwa tumeshalifanya. Jana saa tisa alasiri, mbele ya Mganga Mfawidhi na mashahidi wanne, Felisiani aliufunga mlango wa kuingia kwa mbali. Vituo vyetu vinafanya kazi kama kawaida; aliyefungiwa ni wa nje. Tumebadilisha manenosiri yote. Kila mmoja wetu ana lake, na hakuna atakayempa mwingine, hata akiamriwa na aliyekalia kiti cha mbele. Fundi wa mkandarasi akitaka kuingia ataandika barua, atapewa jina lake mwenyewe na saa zake, na Felisiani atakaa akimtazama mpaka atoke. Nakala za faili zitawekwa kwanza. Katibu anayasikia haya sasa hivi kwa mara ya kwanza. Kama ni kosa, tusimamishwe wote thelathini na wanane, na barua ziandikwe thelathini na nane.

Utepe uko mlangoni na mkasi uko kwenye sinia. Kukata au kutokata tunakuachia wewe.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kukaa mpaka mwisho. Mungu awape faraja Minza na Lyamba, na ampumzishe binti yao ambaye hakupewa hata muda wa kuitwa jina. Ampe nguvu Danford, arudishe usingizi wa Restituta. Wewe Mheshimiwa akurudishe salama kwa watoto wako, na akujalie moyo wa kusoma kabla ya kusaini.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Hospitali ya Mwangaza wa Magharibi, Mpanda, pamoja na vituo vyake vitatu.
Imesomwa kwa niaba yao na Muuguzi Capitoline. Majina thelathini na manane yameambatishwa, kila mmoja kwa mkono wake.