Mama Tangu Lini na Nafasi Tupu Katika Daftari la Hitilafu

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa: huo ndio muda ambao mtunzaji wa ghala letu la mafaili atakuwa ameitumikia nyumba hii ya vitabu vya shule, ifikapo Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Siku hiyo, saa kumi jioni, atafunga mlango wa chumba cha seva, atakabidhi funguo mbili na daftari moja, kisha atakwenda zake nyumbani kustaafu. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu tuliandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akairudisha ikiwa na alama ya kuuliza pembeni.

Wachache kati yetu humwita kwa cheo chake. Wengine wote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, humwita Mama Tangu Lini. Ukimwendea mbio kumwambia kwamba faili lako limekataliwa, hakulaumu wala hakupi pole. Huvaa miwani, hufungua daftari, huuliza: "Tangu lini?" Ukijibu "tangu leo", atauliza leo saa ngapi. Ukijibu "tangu zamani", atalifunga daftari na kukuambia uende ukakumbuke kwanza.

Alianza kazi akiwa karani wa masjala, enzi ambazo sura ya kitabu ilikuwa rundo la karatasi ndani ya jalada la kahawia lililofungwa kwa uzi. Hakuna jalada lililotoka bila sahihi. Siku jalada la Jiografia lilipopotea, aliwaacha wenzake wakipekua makabati, yeye akapita chumba hadi chumba akiuliza ni meza ya nani iliyokuwa ikiyumba juzi na leo haiyumbi. Jalada lilikutwa chini ya mguu wa meza hiyo. Mwenye meza alikuwa miongoni mwa waliolitafuta kwa bidii kubwa.

Kompyuta zilipokuja, mkurugenzi wa wakati huo alitukusanya akatueleza mfumo mpya. Kila atakayerekebisha sura atalikabidhi faili lake kwenye ghala lililomo ndani ya seva. Ghala nalo litatunza toleo la leo, la jana na la mwaka juzi, pamoja na jina la aliyelibadilisha. Akauliza ni nani aliye tayari kwenda kusomea utunzaji wake. Wanaume wakatazama viatu vyao. Karani wa masjala akanyoosha mkono, si kwa kujitolea, bali kwa kuuliza: "Na likikataa kupokea, litatuambia kwa nini?" Mkurugenzi hakujua. Akamtuma yeye akajue.

Alisoma kwa wiki sita pamoja na vijana wa umri wa kitinda mimba wake, akarudi na cheti na daftari. Ubishi ukazuka papo hapo kuhusu jina la kazi yenyewe, kwani vijana walisema "kukomiti" na wazee wakashikilia "kukabidhi". Alipoombwa awe mwamuzi, alisema: "Semeni mtakavyo, mradi faili lifike."

Daftari hilo lina jalada gumu na safu sita alizozichora kwa rula: tarehe, aliyekataliwa, maneno ya skrini, kilichobadilika, aliyekibadilisha, na chanzo. Chanzo huandikwa kwa penseli. Wino huja baadaye, akishaiona hitilafu ikija kila akiiita na kuondoka kila akiifukuza. Kupona kwa bahati hakukubali. Kitu kilichopona bila sababu, husema, kimekwenda tu kujificha.

Ukilisoma leo utacheka. Kuna siku ghala lilikataa kila faili kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Mhariri wa picha alikuwa ameihifadhi video nzima ya harusi ya mpwa wake ndani ya folda ya Viumbe Hai. Alijitetea kwamba waalikwa nao walikuwa hai. Kuna siku mhariri wa Hisabati alikwenda likizo akiwa amelifunga faili kwa jina lake, hivyo hakuna mwingine aliyeweza kulikabidhi. Mama alipiga simu, ikapokelewa na mama mkwe, naye akamwita mkwewe mbele ya wageni: "Baba, kazini wanasema umeondoka na ufunguo wao." Kuna siku pia wahariri wawili waliubadilisha mstari mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu kwa namna yake, na ghala likagoma kuchagua. Alivuta viti viwili, akawaketisha bega kwa bega mbele ya skrini moja, akawaambia: "Mashine imeshindwa kuwapatanisha, na mimi si mshenga. Mkimaliza mniite." Walimaliza kwa dakika kumi, baada ya kugundua kwamba mstari wenyewe haukuhitajika.

Hitilafu zilizoandikwa humo ni mia mbili na kumi na mbili. Zote zimejazwa wino kila safu, isipokuwa ya mia moja arobaini na moja. Hiyo ina chanzo kilichothibitishwa, lakini safu ya aliyekibadilisha iko tupu. Kwa miaka sita watu wameipitia nafasi hiyo kwa kidole na kuuliza ilikuwaje mwanamke asiyeacha hata dakika bila kuiandika akaacha jina la mtu. Wasifu usiojibu swali hilo utakuwa na nafasi tupu ileile.

Mpangaji kurasa wetu, mtu mpole anayesalimia mara moja na kunyamaza hadi jioni, alihamishiwa chumba cha pembeni mwezi Machi wa mwaka ule. Muda si mrefu ghala likaanza kumkataa. Skrini ilimwambia: "Utambulisho umekataliwa." Aliandika nywila yake upya, ikakataliwa. Alimwita fundi wa kompyuta, naye fundi alipofika mchana faili likapokewa mara ya kwanza. Wenzake walimcheka: "Kwa fundi inakubali, kwako inanuna. Umeikosea nini?" Siku ya pili hali ilikuwa njema. Ya tatu alikataliwa tena.

Kisha likaja jambo lisilochekesha. Asubuhi moja alirekebisha kurasa za majibu za Hisabati, Darasa la Sita. Ghala lilimkataa mara tatu. Kabla hajajaribu tena, kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimechukua toleo la zamani, na nusura makosa yale yachapwe kwa maelfu ya watoto. Mpangaji kurasa alipewa barua ya kujieleza kwa nini asiachishwe kazi. Kikao kiliwekwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mkewe alikuwa amejifungua pacha wiki tatu kabla. Msanifu lugha, aliyetumia kompyuta hiyohiyo baadhi ya asubuhi, aliombwa maoni yake kwa maandishi. Aliandika mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: "Uzembe hauna kisingizio."

Mama Tangu Lini alimwita mpangaji kurasa akamuuliza swali lake. "Tangu nihamie chumba kile, Mama," akajibu. "Na Mungu ni shahidi, ninakabidhi. Linakataa tu."

Aliandika kwa penseli: nywila. Akaibadilisha, hitilafu ikarudi, akafuta. Akaandika: waya. Akaleta waya mpya, siku mbili zikapita salama, hitilafu ikarudi, akafuta. Karatasi ya mstari huo ilikwanguliwa hata leo ukiiinua unaona mwanga. Ijumaa alirudi kwenye tarehe, kwa kuwa tarehe ndizo ambazo hakuwahi kuzifuta. Mara zote tisa ambazo faili lilikataliwa zilikuwa Jumanne au Alhamisi. Mara zote tisa ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Alimwambia mhudumu wa chai kwamba hajawahi kuona mashine inayoijua Jumanne. Anayeijua Jumanne ni mtu.

Basi Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, alifika saa moja asubuhi, akaketi kwenye kona ya chumba hicho na rundo la karatasi za zamani, kana kwamba anazipanga. Saa mbili na dakika tano mlango ulifunguliwa, akaingia msanifu lugha, ambaye ndiye mwandishi wa maneno haya.

Desturi yake ilikuwa kusoma sura kwenye skrini na kusahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, huku akiandika ukingoni saa aliyomaliza kila ukurasa. Hakukabidhi chochote, hivyo ghala halikupata nafasi ya kumkataa. Alitundika koti, akafuta miwani, akatazama pembe ya skrini. Kompyuta ilidai kwamba ni saa nane na dakika kumi, hali jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Kwa mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba asubuhi saa mbili ni saa mbili, hilo lilikuwa kosa, na kosa likionekana husahihishwa. Akaifungua saa ya kompyuta, akafuta nane, akaandika mbili.

"Mzee," ikasikika sauti kutoka kwenye kona, "tangu lini?"

"Tangu Machi," akajibu kwa fahari. "Na kila nikiiweka sawa, kuna mtu anaiharibu. Namshuku huyu jirani yangu."

Mama aliweka karatasi chini, akashika fremu ya mlango, akacheka hata mhudumu wa chai akaja kuona kumetokea nini. Alipopata pumzi alieleza. Ghala humkataa mtu yeyote ambaye saa ya kompyuta yake imepishana na saa ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Hudhani ni mwizi anayetumia kibali kilichopitwa na wakati. Msanifu lugha alikuwa akiipishanisha kwa saa sita. Kila adhuhuri seva huzirekebisha saa zote yenyewe, ndiyo maana fundi wa mchana hakukuta kitu. Mpangaji kurasa naye, alipoketi hapo saa tatu asubuhi, aliona imeandikwa tatu. Angeshtuka kwa lipi? Ilikuwa saa tatu kweli. Kosa lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu, na kila aliyelitazama aliliona kuwa ni sahihi.

Alimtoa msanifu lugha chumbani, akamwita mpangaji kurasa. Waliijaribu saa hiyo mara sita: ikisogezwa, faili linakataliwa, ikirudishwa, linapokewa. Akachukua wino.

Alhamisi alirudia jaribio hilo juu ya meza ya kikao, na barua ya mpangaji kurasa ikafutwa kabla chai haijapoa. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyekuwa akiisogeza saa. Mama akajibu: "Mimi nilitumwa kutafuta hitilafu, sikutumwa kutafuta mtu. Mtu atakuja kwa miguu yake." Mtu huyo alikuwa ameketi kiti cha nne kutoka mlangoni, akiitazama kalamu yake nyekundu. Miguu haikusimama.

Walipokutana ukumbini baada ya kikao, Mama alimwambia mara moja tu: "Nafasi yako nimekuwekea, Mzee." Kwa miaka sita hakulitaja tena. Alimsalimia kila asubuhi kwa sauti ileile, akamtengenezea nywila alizozisahau, na akaifunga saa kwenye kompyuta zote ili asiwepo mwingine wa kuisogeza. Mwandishi huyu amesahihisha makosa ya wengine kwa miaka mingi na hajawahi kuacha moja lipite. Hilo moja aliliacha likapita kila siku, akitembea nalo.

Kuanzia Jumatatu ijayo ghala litakuwa mikononi mwa mpangaji kurasa, aliyefunzwa na Mama mwenyewe, na daftari litakuwa lake. Haikustahili alipokee likiwa bado na ile nafasi tupu. Jumanne iliyopita mwandishi alimwendea akamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe ni wewe, Mzee? Miaka yote hii nilidhani chumba kile kina mashetani." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pacha wangu walikuwa wachanga." Palepale aliombwa radhi, na hapa anaombwa tena mbele ya wote, kwa kuwa mistari ile mitatu nayo iliandikwa ikasomwa mbele ya wote. Alinyoosha mkono, tukapeana.

Kutoka hapo mwandishi alikwenda chumba cha seva. Mama hakuuliza amefuata nini. Alilifungua daftari kwenye ukurasa wenyewe, akageuza kalamu ya wino na kumkabidhi upande wa kushika. Jina likaandikwa, na kando yake tarehe na saa. Aliusoma mstari mzima juu ya miwani, akatazama saa ya seva, akatazama tena ile iliyoandikwa, na ndipo akatia alama ya kukubali.

Mama, ahsante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kulaumu, na kwa penseli yako isiyokuwa na haraka. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, wajukuu wenye maswali magumu, na asubuhi ambazo hakuna atakayekuja mbio mlangoni kwako. Na siku yoyote utakapotaka kujua kama tunakukumbuka na tangu lini, usiandike kwa penseli. Andika: tangu Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, kwa saa yetu.