Miti ya Muhogo ya Dorcas

Tangu kiwanda cha pamba kimpunguze kazini, Machibya hakosi kijiweni Buhongwa, kwenye benchi la kahawa kando ya barabara ya Shinyanga. Leo kaja na mzigo wa miti ya muhogo, mbegu ya binti yake Dorcas, aliyeolewa Sengerema. Huku kwetu mbegu ya muhogo hainunuliwi. Binti akipata shamba lake la kwanza, baba ndiye anayempa. Balaa ni shamba la Machibya mwenyewe: majani yamejikunja, yana mabaka ya njano, na ukichimba unaambulia vizizi. Nyumba nzima inakula humo. Roho inamuuma, ila kijiweni mtu halii, anapiga soga.

— Huo ni utitiri, alisema Nkwabi, muuza dawa za mifugo, aitwaye Daktari bila kusomea. Nimeuona chini ya jani kwa macho yangu.

— Umetoka wapi huo utitiri? Machibya akauliza.

Ogweno akatua kikombe. Huyu wanamwita Soko Huria, maana kila ubaya anausukumia huko.

— Kwenye mitumba. Siku hizi kila kitu ruksa kuingia. Si umelivisha sanamu la shambani koti la mtumba? Basi utitiri umeshuka kwenye koti, ukakuta muhogo.

— Tena utitiri wa Ulaya, Daktari akadakia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani kapona? Machibya akauliza.

— Subiri kwanza. Ogesha shamba dawa ya kupe kila Jumamosi, kama ng'ombe.

— Na koti?

— Koti nipe mimi.

Machibya akacheka kidogo.

— Mimi nimeuweza bila dawa. Hii miti ya Dorcas nimeichuma majani yote, moja moja. Mdudu atakaa wapi?

Wote wakakiri kwamba hiyo ni akili.

Dorcas akafika, akawaamkia.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akaugeuzageuza mti mmoja mkononi.

— Baba, ile miti uliyopewa na mjomba ukapanda, na shamba lake lilikuwa limejikunja hivi hivi, ilikuja na majani?

Machibya aliikumbuka vizuri miti ile: mitupu, misafi, aliibeba mwenyewe begani kutoka Nyegezi kwa mjomba huyo. Kumbe ugonjwa ulikuja ndani ya miti yenyewe. Aibu ikamshika. Akauvuta mzigo chini ya benchi.

— Mwambie mama mkwe wako, baba yako hana mbegu.

— Shamba langu ameshalilima, baba.

— Najua, mama. Mwambie hivyo hivyo.