Mama Glavu na Ndoo ya Barafu

Dada yangu, ambaye kazini walimwita Mama Glavu kwa kuwa hakuvua glavu zake za sufu kwa ajili ya baridi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza maziwa. Mimi ni kitinda mimba wao, na nimeambiwa nisome wasifu wake huu hadi mwisho bila kulia. Tutaona.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970. Asubuhi za baridi vidole vyake viligeuka vyeupe kama chaki, kalamu ikawa haishikiki. Mwalimu alidhani ni uvivu, akamchapa vidole hivyo hivyo. Hilo sijalisamehe.

Mwaka 1984 alihitimu ufundi wa maabara, akaajiriwa hospitalini. Alifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1988 na fundi umeme. Baridi ya siku hiyo ilimsinyaza kidole, pete ikadondoka. Shemeji akaiokota, akasema, "Usijali, mkono huu nitaupasha moto mwenyewe." Aliupasha karibu miaka thelathini na mitano.

Mwaka 1994 madaktari wa pale hospitalini walianza utafiti kwa wagonjwa wenye ugonjwa kama wake: baridi ikigusa vidole, mishipa hujibana, damu isipite. Walipima asidi ya laktiki, ile inayojaa mwilini oksijeni ikikosekana. Damu ya kipimo hicho huwekwa kwenye barafu papo hapo, na ndoo ya barafu aliibeba yeye. "Mwingine atachelewa," alisema.

Baada ya miaka miwili aligundua kosa lake. Kwa huruma, alikuwa akiwaambia wagonjwa wakunje ngumi ili mshipa uonekane, kumbe ngumi yenyewe hupandisha asidi. Majibu yote yalikuwa bure. Hakuna aliyejua ila yeye. Alikwenda kwa daktari mkuu: "Nimeharibu. Tuanze upya." Wakaanza, na kubeba barafu nako kukaanza upya. Safari hiyo baridi iliua ncha za vidole vyake viwili, zikakatwa. Nilimsihi aache kazi, akakataa, tukanuniana mwaka mzima. Naujutia mwaka ule.

Mwaka 2019 ugonjwa ulifika mapafuni. Mwaka huu, siku moja kabla ya kufariki, muuguzi alikuja kumtoa damu. "Mama, kunja ngumi." Dada alifungua kiganja. "Hapana, mwanangu. Acha wazi. Subiri, mshipa utakuja."

Alifariki tarehe 3 Machi 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, mimi, na majibu sahihi ya wagonjwa sitini na mmoja. Shemeji amemvisha glavu kwa mikono yake.

Dada, tua ndoo sasa. Upumzike.